Daftari la Filamu

Saa tisa za usiku, kantini ya ghala la vifurushi,
nje kidogo ya Coventry.
Wenzangu wanarudia mpira wa jana.
Mimi natazama katuni.
Simu nimeiegemeza kwenye kikombe cha chai,
waya masikioni, kalamu mkononi.
Zbigniew ananicheka: mzee mzima, ndevu hizo, na sungura!
Namjibu kwamba hii ni zamu yangu ya pili.

Daftari ni la Hilali, la hesabu, alilibakiza nusu.
Naandika kwa mkato:

Sungura wa theluji. Dakika ya saba, mama. Hapana.
Maharamia. Mapanga mengi, ila mama yuko hai hadi mwisho. Labda.
Pomboo wawili. Sikumaliza.
Treni inayoongea. Haina mama wala baba. Kauthar tu ndiye atakayeipenda.

Zote zina ile pembetatu ya kijani,
yaani yafaa kwa wote, mkubwa na mdogo, kaeni mstarehe.
Wanaoigonga alama ile wamehesabu damu,
wamehesabu matusi na mabusu.
Mama hawamhesabu.

Sijui watunzi hawa walikosana nini na mama zao.
Hadithi haijatoka mlangoni, mama keshang'olewa
kama kigingi, ili mwanapunda apate kukimbia.
Zamani sikuliona hilo.
Rukia akiwa hapa, miguu juu ya hita,
bakuli la bisi tumboni,
sungura alikufa mbele yetu mara ngapi
nami nikauliza tu nani kamaliza chumvi.

Basi Jumamosi imefika, na mvua yake.
Nadhira, kumi na tatu, anataka watu wapendane.
Hilali anataka kitu kilipuke.
Kauthar anataka mnyama yeyote, mradi avae kofia.
Tunachagua saa nzima. Kuchagua kwenyewe ni filamu,
kuna wabaya, kuna machozi, kuna anayetoka akabamiza mlango
na kurudi kwa sababu ya bisi.
Mimi nasema maharamia.
Nasema maharamia tena.
Nasema treni, jamani, mbona treni ni nzuri.

Nadhira anainuka, anachomoa daftari
chini ya mto wa kochi, mahali ambapo
nilidhani nimelificha.
"Baba," anasema, "neno hili umeliandika mara thelathini na moja."
Sikuwa nimehesabu. Hesabu ni yake, kwa penseli, pembeni,
vijiti vitano vitano kama vya mfungwa.
"Ya sungura tulishaiona. Shuleni. Sote watatu."
"Hata Kauthar?"
"Hata mimi," anasema Kauthar, mdomo umejaa. "Mwalimu alilia."

Wakaiweka.
Mkono wangu ukatafuta rimoti; Nadhira alikuwa ameikalia.
Dakika ya tano, theluji inaanguka kwa madaha.
Dakika ya sita, nikakumbuka nguo zimo kwenye mashine.
"Kaa," akasema Hilali, bila kugeuka.
Ya saba ikaja kama ninavyoijua,
ule ukimya, zile nyayo zinazoishia katikati ya uwanja mweupe.
Kauthar akahama kutoka miguuni pangu
akaenda kukaa pembeni, karibu na hita,
pale ambapo hatukai.
Hakuna aliyemwambia kitu.
Hita ilikuwa inagonga gonga, kama kawaida yake.

"Harudi, eti?" akauliza, ingawa alijua.
"Harudi," Hilali akamjibu. Kisha akampa bakuli.
"Lakini subiri. Bata anakuja."

Na kweli, bata akaja,
kofia upande, anajifanya bwana mkubwa,
akateleza kwenye barafu, akatumbukia ndooni kichwa mbele.
Niliyecheka wa kwanza ni mimi,
kicheko kikubwa, cha kuwaudhi majirani,
wanangu wakageuka kunitazama.

Bata sikuwahi kumjua.
Mara zote, kule kantini,
nilizima dakika ya saba.